Mwenye Daftari na Mwenye Nyundo

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa prefekitura ya Gisenyi, yaani ofisi ya mkoa, kwa uji wa muhogo, na tulipofika kulisoma, mbuzi wa mlinzi alikuwa ameshailamba kona ya chini na kuondoka na jina la aliyetia sahihi. Huo ulikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa darasa. Tulisoma jiolojia pamoja miaka mitano katika chuo kikuu kimoja kule kusini mwa Zaire, na vita vilipotutimua huko tukajikuta katika nchi ambayo wazazi wetu walikuwa wakiiita kwetu. Mimi nilipata kazi ya kufundisha jiografia katika shule ya sekondari. Yeye alikuwa akibeba magunia kwenye kivuko cha Grande Barrière, kutoka upande wetu wa mpaka kwenda Goma, na wapagazi wenzake walimwita Profesa kwa kumcheka. Alikuwa akiitika.

Tangazo lilisema kwamba kuanzia sasa ripoti yoyote ya ardhi, iwe ya machimbo, ya kisima au ya kiwanja cha nyumba, haitapokelewa bila sahihi ya mwanajiolojia mwenye kibali. Ili upate kibali ulitakiwa kuwa na diploma ya A0, yaani ya chuo kikuu, orodha ya alama za miaka yote, na mwezi mmoja wa kazi ya porini uliothibitishwa kwa daftari la porini lenye muhuri wa chuo. Sisi tuliosoma nje tuliwekewa mstari wetu peke yetu. Bila daftari hilo, diploma ya nje ingehesabiwa kuwa haikukamilika, na mwenyewe angeandikwa A2, sawa na mtu aliyemaliza sekondari jana. Aliyeandikwa A2 aliruhusiwa kuomba tena baada ya kufanya kazi miaka miwili chini ya mwanajiolojia mwenye kibali. Wakati huo mkoa mzima haukuwa na hata mmoja, maana vibali vyenyewe ndiyo kwanza vilikuwa vinatangazwa. Aliyetunga sheria ile alikuwa na akili nyingi sana au hakuwa nazo kabisa. Mpaka leo sijaamua.

"Bon," mwenzangu alisema, akisoma kwa kidole. "Diploma niko nayo. Alama niko nazo. Daftari ile iko wapi?"

"Iko kwangu."

"Basi tuko sawa, dada. Tuko sawa kabisa."

Alinishika mkono akautikisa mpaka mlinzi akatuangalia. Alikuwa na mke na watoto wawili katika chumba kimoja nyuma ya soko, na mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda kwa magunia. Alichokitaka kilikuwa karatasi moja tu, ili jina la Profesa liache kuwa la kuchekwa.

Lazima nieleze lile daftari. Kazi ya porini tulifanya mwaka wa nne, mwezi mzima katika vilima vikavu vya Katanga, na tulipangwa wawili wawili. Mmoja hushika nyundo na dira: anavunja jiwe, analitazama, anapima tabaka limeelekea wapi na limelala kwa nyuzi ngapi. Mwingine hushika daftari na kuandika anachoambiwa. Kanuni ni kwamba mnabadilishana kila siku. Lakini mwalimu wetu alinitazama, msichana peke yangu kati ya wavulana kumi na saba, akasema mimi nina mwandiko mzuri, nibaki na daftari mpaka mwisho. Nyundo, alisema, ni ya mwanamume. Wenzangu walicheka. Mimi nilikasirika, na hasira ile sikuitema mahali popote. Niliimeza na ikakaa.

Mwenzangu aliijua. Siku za kwanza, mwalimu akienda mbali, alinipa nyundo kwa siri nikavunja mawili matatu. Lakini ukweli ni kwamba yeye alikuwa na jicho ambalo mimi sikuwa nalo. Alikuwa akichukua udongo, anausaga kati ya meno ya mbele, kisha anatema na kusema ni mfinyanzi au ni vumbi la mchanga, na hakukosea. Alikuwa akilala kifudifudi juu ya mwamba ili aone ufa umepita wapi. Halafu anaita namba bila kugeuka: "Andika: mia moja makumi ine. Inalala makumi tatu." Nami naandika. Kurasa themanini na sita tulijaza hivyo, jicho lake na mkono wangu. Jalada lilikuwa na jina langu kwa wino, kwa sababu ndivyo mwalimu alivyotaka, mwenye kuandika ndiye anayewajibika kwa daftari. Ndani, kwenye ukurasa wa kwanza, tuliandika kwa penseli kama tulivyoandika kila kitu kule, maana wino unakimbia mvua ikinyesha. Mstari wa kwanza: Daftari, na jina langu. Mstari wa pili: Nyundo, na jina lake. Alijiandikia mwenyewe, akikandamiza penseli kama anayechora juu ya bati.

Siku tulipokimbia, mama yangu alilifunga daftari katikati ya sahani za bati. Liliokoka kwa sababu jalada lake lilikuwa jeusi na mama alidhani ni kitabu cha sala.

Wiki moja kabla ya tume kufika kutoka Kigali, nilikwenda prefekitura kupeleka nakala za diploma. Karani wa mapokezi, bila kuinua macho, aliniambia nihakikishe daftari langu lina jina moja. Lenye majina mawili litakataliwa, alisema, kwa kuwa haitajulikana nani alifanya nini. Sijui kama hiyo ilikuwa sheria au ulikuwa mdomo wake tu. Ningeweza kuuliza ofisi ya pili, hatua ishirini kutoka pale. Sikuuliza, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini, ingawa jibu ninalo.

Jumapili baada ya misa, mchana kweupe, mama akikaanga sambaza uani na harufu ya samaki wale wadogo ikiingia mpaka kitandani, nilichukua raba ya mwanafunzi wangu mmoja nikaufuta mstari wa pili. Nilijisemea kwamba majina mawili yatatuangusha sote wawili. Nilijisemea kwamba nikishapita mimi, yeye atafanya kazi chini yangu miaka miwili, na mlango utakuwa wazi kwa wote. Yote hayo yalikuwa na mantiki. Nilipuliza vijivumbi vya raba, nikala sambaza, na nikaona ni tamu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli na inaniudhi.

Tume ilikuwa na watu watatu, lakini mwenyekiti ndiye aliyezungumza. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka, shati limepigwa pasi hata kwenye mifuko. Mimi niliingia asubuhi. Alifunua daftari ukurasa kwa ukurasa, akalisifu.

"Vipimo hivi ulivichukua wewe mwenyewe, mama?"

"Ndiyo."

"Nyundo ulishika wewe?"

"Nilishika mimi."

Nitasema na hili, maana bila hili habari yangu haina maana. Nilipotamka maneno yale nilisikia raha. Wale wavulana kumi na saba walikuwa wakicheka kichwani mwangu tangu mwaka wa nne, na hatimaye wakanyamaza. Sikumfikiria mwenzangu kwa muda wa kama pumzi tatu.

Yeye aliingia mchana. Mimi nilikuwa kwenye benchi la ukumbini, mlango uko wazi kwa sababu ya joto. Nilimsikia akieleza kwamba daftari ni la watu wawili, jina lake liko ukurasa wa kwanza chini ya langu. Nikasikia karatasi ikifunuliwa. Kisha mwenyekiti akaniita, nikasimama mlangoni.

"Huyu bwana anasema mlifanya kazi ya porini pamoja. Unamfahamu?"

"Tulisoma darasa moja."

"Alikuwa katika kundi lako?"

Mwenzangu alikuwa ameinama juu ya daftari. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya ukurasa wa kwanza, kinapita taratibu kushoto kwenda kulia. Aliinua kichwa akanitazama mara moja, akarudi kutazama karatasi.

"Makundi yalikuwa mengi," nilisema. "Ni zamani kidogo."

Nje, chini ya ngazi, alinisubiri. Nilikuwa nimejiandaa anitukane, na naamini ningefurahi angenitukana.

"Wameniandika A2," alisema. "Kreyo ya zamani, penseli ile, inajifutaka yenyewe, unaona. Ni karatasi mbaya ile." Kisha akacheka kidogo. "Donc mi niko mutoto wa sekondari tena. Hata mvi itarudi nyuma."

Nilimshukuru Mungu kwamba hakujua. Nikamweleza ile njia ya miaka miwili, haraka haraka, na kwamba nitaandika barua zote mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa.

Kibali changu kilifika baada ya miezi miwili, na kazi ikaja siku hiyohiyo. Nyumba mpya zilikuwa zinajengwa kwa ajili ya watu waliorudi, safu kwa safu, katika ardhi ya lava kuelekea Busasamana, na kila safu ilihitaji mashimo ya majaribio kabla ya kuchimba kisima au choo. Nilimchukua yeye. Kwenye karatasi aliandikwa kibarua, kwa sababu mwenye A2 hakuwa na cheo kingine kwenye orodha ya mradi. Miaka ile ya waasi hatukupanda kule bila wanajeshi mbele na nyuma, na kuna asubuhi tulirudishwa njiani, tukapita nyumba ambazo jana yake zilikuwa na watu. Tulipofika kazini ilikuwa kama Katanga: yeye amelala kifudifudi juu ya jiwe jeusi, anaita namba bila kugeuka, nami naandika. Niliandika na kutia sahihi. Ripoti zangu zilisifiwa mpaka Kigali.

Kitu alichokiogopa ni mazuku. Watu wa huku wanaijua: ni hewa mbaya inayotoka chini ya lava na kulala mabondeni na mashimoni, haina rangi, na wewe uliyesimama juu hutaihisi hata kidogo, ila kuku na mbuzi wanaoingia hawatoki. Kila asubuhi kabla ya mtu kushuka, aliwasha mshumaa ndani ya mkebe wa maziwa na kuuteremsha kwa kamba. Mshumaa ukizimika, hakuna kazi. Wachimbaji walimnung'unikia, maana shimo likifungwa hawalipwi, na yeye aliwajibu, "Mushumaa ndiyo boss, si mimi." Katika shimo lile la mwisho mshumaa uliwaka vizuri siku sita mfululizo.

Siku ya saba mimi nilikuwa prefekitura, kwenye mkutano wa kugawana magari ya mradi. Walionisimulia ni wachimbaji. Mvua ilinyesha usiku, na mchimbaji mmoja alifika mapema akashuka kuchukua sururu yake aliyoisahau, bila kumngoja mtu wala mshumaa. Akaanguka. Mwenzangu alifika akamwona amelala chini. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote mkoani kulikuwa na nini mle ndani. Alijifunga kamba, akavuta pumzi, akashuka, akaifungua kamba na kumfunga yule mchimbaji. Walimvuta mchimbaji akiwa hai. Kamba iliporudi chini hapakuwa na mtu wa kuishika.

Ilibaki miezi minne miaka miwili yake iishe.

Tulimzika kesho yake. Siku ya tatu nilikwenda kwa mkewe na fomu ya ajali mkononi, kwa kuwa ajali ya kazini ilipaswa kujazwa na mwenye kibali na kupelekwa kwa tume ileile, ndipo cheti cha kifo kitoke. Nilikuwa nimejaza yote isipokuwa mistari miwili: kazi ya marehemu, na elimu yake inayotambuliwa. Nilimletea pia daftari. Nilitaka abaki na kitu. Sikuwa na nia ya kukiri lolote. Niseme ukweli, nilikuwa nimekuja kulia pale kama rafiki mwema.

Mke wake alikuwa amekaa juu ya mkeka, bado na nguo ya mazishi. Alipokea daftari akalifungua ukurasa wa kwanza, akauinamisha kuelekea dirishani, na kupitisha kidole gumba kushoto kwenda kulia.

"Iko hapa," alisema.

Nikainama. Mwanga wa ubavuni ulikuwa umeingia katika mifereji ya penseli, na jina lake lilikuwa pale lote, limezama kwenye karatasi, herufi moja moja. Raba ilikuwa imeondoa rangi tu.

"Alinielezaka," mke wake alisema. "Ile siku ya tume. Alisema, dada amefuta jina yangu, lakini mukono yangu ilikuwa nzito, iko inasikilika na kidole."

"Alijua?"

"Alijua. Mi nilikasirika sana. Nilisema nitakuja kwako na makelele. Yeye akasema hapana, lazima mumoja apite, na we ulikuwa umenyimwa nyundo mwezi muzima."

Nililia, na safari hii haikuwa kama rafiki mwema. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baadaye. Miaka miwili kasoro alikuwa ameniitia namba bila kugeuka, na nilidhani ni mazoea ya kazi. Nilimwomba mkewe msamaha nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Hakusema amenisamehe. Alisimama, akatafuta kwenye mfuko wa shule wa mtoto, akaniletea kalamu ya wino.

"Andika tena," alisema. "Juu yake. Na bic, isifutike."

Niliandika. Nilifuata mfereji kwa mfereji, polepole, mpaka jina likawa jeusi na zito chini ya langu: Nyundo, na jina lake. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nijaze na fomu vilevile, na nikajaza mbele yake. Kazi: mwanajiolojia. Elimu: A0. Nilijua maana yake kwangu ni kibali kuondoka, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili ya sambaza nilijisikia mwepesi.

Kule Kigali, mwenyekiti wa tume alinipokea vizuri, akanipa pole, akavuta kiti mwenyewe. Nilimweleza yote kwa mpangilio: nyundo, raba, uongo wangu mbele yake. Nilimwekea mezani daftari, ambalo mjane alikuwa amenirudishia. Alilifungua, akavaa miwani, akalitazama jina.

"Mama, huu ni wino wa juzi."

"Chini yake kuna penseli. Pitisha kidole."

Alipitisha. Aliinamisha ukurasa dirishani kama mke wa marehemu alivyofanya, akaugeuza nyuma. Ndipo nilipoelewa tulichofanya. Kalamu ilikuwa imekandamiza mifereji yote, ikajichimbia yake palepale. Kilichobaki ni jina lililoandikwa juzi kwa mwandiko wangu. Alama pekee duniani iliyoonyesha kwamba yule mtu alishika nyundo, tulikuwa tumeifukia sisi wawili, mimi na mjane wake, tukiwa tunaitengeneza.

"Nilisema uongo," nilirudia. "Ninyang'anye kibali."

Alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma.

"Msiba unamfanya mtu ajitwike mengi," alisema kwa upole. "Ulimpenda mwenzako, unataka kumpa heshima. Nakuelewa. Lakini elimu isiyotambuliwa siwezi kuiandika, na wewe ripoti zako tumezisoma hapa miaka miwili. Mtu asiyeshika nyundo haandiki ripoti kama zile."

Alichukua fomu mpya, akaijaza mwenyewe. Kazi: kibarua. Elimu: A2. Akaisogeza mbele yangu, akaweka kidole mahali pa sahihi ya mwanajiolojia, akanikumbusha kwamba mjane anangoja cheti na bila sahihi hiyo hatakipata.

Nilitia sahihi, kwa mwandiko wangu mzuri.